Tulivyotafuta mtaa wa kukaa Kigali, tukiwa na Mama



Tangu tulipohamia Kigali, kila tukirudi huko kambini kwa ajili ya karatasi tunaulizwa swali moja: mlichaguaje mtaa? Wengine wanatuuliza kwenye bomba la maji, wengine wanapiga simu usiku, na kuna mzee mmoja alimtuma mjukuu wake mpaka kwenye gari tukiwa tumeshapanda. Basi tumeona bora tuandike mara moja katika barua yetu ya kila mwezi, ili anayejiandaa kuhama asome mwenyewe na kufanya hesabu yake. Hatuandiki kama wajuzi wa mji. Katika mwaka mmoja tumekaa mitaa miwili, na tumelipa pesa ya nyumba ya tatu ambayo hatukulala ndani yake hata usiku mmoja.

Mtujue kwanza. Sisi ni mume na mke, tuna watoto wanne, na tunaishi na mama mzazi wa mume. Mmoja wetu ni fundi cherehani, mwingine anauza vitenge na nguo za watoto. Mama ni mtu wa Uvira, alizaliwa karibu na ziwa, na lugha zake ni Kifuliiru na Kiswahili. Kinyarwanda anasikia maneno ya salamu tu. Amepita miaka sabini, ana ugonjwa wa sukari, na goti lake la kulia limekataa kazi. Ni kwa ajili yake tulianza kufikiri Kigali. Kila mwezi alikuwa na siku ya kuonana na daktari mjini, na kila mwezi ilikuwa kazi ile ile: kuomba karatasi ya ruhusa, kuamka usiku, kupanda gari toka Kirehe, kupita Ngoma, Kayonza na Rwamagana, zaidi ya masaa matatu, halafu kurudi siku ile ile au kuomba mahali pa kulala. Akirudi alikuwa analala siku mbili.

Kabla ya kusema mitaa tuseme jambo ambalo wengine wanalificha. Sheria ya Rwanda inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea nchini, na mtu mwenye kitambulisho cha mkimbizi anaweza kukaa mjini. Lakini msaada wa chakula, unaoletwa kwa njia ya pesa kila mwezi, umefungwa na kambi. Ukihama, unakaa kwa jasho lako. Kodi, maji, makaa, sabuni, daftari, vyote ni wewe. Na siku ya kuhesabiwa ukikosa kuonekana bila kueleza, jina lako linaweza kusimamishwa. Kwa hiyo sisi tulianza kuweka akiba mwaka mzima kabla ya kuhama, na tulikwenda ofisini kueleza kwamba tunahama, hatukutoroka. Matibabu yalitupa moyo, kwa sababu mwaka 2019 yalifanyika makubaliano ya kuwaingiza wakimbizi wa mjini katika mutuweli, yaani bima ya afya wanayotumia raia wenyewe.

Sasa mji. Kigali si mji wa tambarare kama Bujumbura au Uvira. Ni vilima, na kati ya kilima na kilima kuna bonde lenye maji. Mjerumani Richard Kandt aliuanzisha mwaka 1907, ukawa mji mkuu Rwanda ilipopata uhuru mwaka 1962, na wakati huo ulikuwa mdogo kabisa. Katika sensa ya 2022 walihesabiwa watu zaidi ya 1,700,000. Wilaya ni tatu: Nyarugenge, ambako ndiko mji wa zamani uliko, Gasabo upande wa kaskazini, na Kicukiro upande wa kusini, ambako uwanja wa ndege uko.

Ukitaka kufahamu bei za nyumba Kigali, angalia kilima. Barabara ya lami mara nyingi inapita juu, mgongoni. Nyumba za kando ya lami ndizo za bei kubwa. Ukishuka kidogo, bei inashuka. Ukishuka tena, inashuka tena, mpaka ufike karibu na bonde ambako utapata nyumba kwa pesa ambayo huko juu ingekupa choo tu. Sisi hatukulijua jambo hili. Tulikuwa tunauliza majina ya mitaa, kumbe tungeuliza pia: ni juu au ni chini?

Mtaa wetu wa kwanza ulikuwa upande wa Kabuga. Tuliuchagua kwa sababu tatu, na zote zilionekana nzuri. Kabuga iko kwenye njia ya mashariki, kwa hiyo ni karibu na gari za kurudi Mahama. Kule mwisho wa mji nyumba ni nafuu: tulipata vyumba viwili na sebule kwa faranga 40,000 kwa mwezi, na kiwanja mbele ambapo watoto wanaweza kucheza mpira. Na tatu, ndugu mmoja alituambia hospitali kubwa ya CHUK itahamia Masaka, na Masaka ni jirani na Kabuga. Ni kweli kabisa kwamba serikali ilitangaza mpango huo. Lakini sisi tulihama kwa kufuata mpango, na karatasi ya daktari wa Mama ilikuwa inasema mjini. Mwenye mgonjwa asome karatasi yake ya miadi kwanza, aulize huduma ile anayoihitaji inatolewa wapi mwezi huu, halafu ndiyo atafute nyumba.

Basi tukawa Kabuga. Mahali penyewe ni pazuri, hatuwezi kupasema vibaya. Kuna soko, kuna shule, upepo ni mzuri, njia si ya kupanda. Lakini fundi alikuwa amepata nafasi ya kuweka cherehani yake mjini, kwenye nyumba ya biashara pamoja na mafundi wengine, na asubuhi gari toka Kabuga mpaka mjini ni zaidi ya saa nzima ukijumlisha na foleni. Jioni tena hivyo hivyo. Nauli ya kwenda na kurudi, siku sita kwa wiki, tulipoiandika kwenye daftari mwisho wa mwezi tulishangaa. Tuliongeza nauli juu ya kodi, tukakuta nyumba yetu ya 40,000 kwa kweli ilikuwa nyumba ya zaidi ya 60,000.

Hilo tungelivumilia. La Mama ndilo lilitushinda.

Huko Mahama mlimzoea Mama kama mtu wa maneno. Alikuwa anakaa mlangoni, kila anayepita anasimamishwa, anaulizwa habari ya mtoto, habari ya mguu, habari ya Uvira. Kabuga majirani walikuwa watu wa heshima. Walimsalimia kila asubuhi kwa Kinyarwanda, yeye akajibu lile neno moja analolijua, wakaenda kazini. Saa tatu nyumba zote zimefungwa. Watoto wako shule, fundi yuko mjini, mama wa nyumba ameenda kuuza. Tulikuwa tunarudi jioni tunamkuta amekaa pale pale tulipomwacha, na chai imepoa. Wiki ya tano akaacha kula vizuri. Tukafikiri ni sukari. Daktari akapima, akasema sukari si mbaya sana kuliko siku zote. Akamuuliza Mama mwenyewe, kwa Kiswahili, anajisikiaje. Mama akamwambia: "Daktari, mimi siumwi. Mimi nimekuwa bubu."

Tulirudi kimya kwenye gari siku ile.

Watu watasema Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa, na shuleni wanakifundisha. Ni kweli. Lakini sheria haikai mlangoni ikapiga soga na mzee. Lazima mtaa wenyewe uwe unakisema. Na kila tuliyemuuliza, fundi mwenzetu, mama muuza ndizi, dereva wa pikipiki, alijibu jina moja: Nyamirambo.

Lakini hatukufika Nyamirambo moja kwa moja. Tulipita kwanza kwa komisioneri.

Komisioneri ni mtu wa kukutafutia nyumba. Wako kila mtaa, wengine ni waaminifu, na mgeni ni vigumu kupata nyumba bila wao. Wa kwetu alitutembeza siku nzima. Tuliona Gikondo, tukaona Kimisagara, ambako kuna soko kubwa na ni karibu na Nyabugogo, stendi ambapo gari za nchi nzima zinaanzia. Nyarutarama hatukwenda hata kutembea. Ile ni mitaa ya mabalozi. Jioni, mvua ikitaka kunyesha, akatupeleka kwenye mteremko mmoja upande wa Kimisagara. Nyumba ilikuwa safi, imepakwa chokaa mpya, vyumba viwili, faranga 35,000. Katikati ya mji! Akasema kuna familia nyingine inakuja saa kumi na mbili na pesa mkononi. Tukatoa avansi ya mwezi mmoja, na tukamlipa na yeye komisheni yake.

Kesho yake mmoja wetu akarudi na mtoto wetu wa pili kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Mtoto ndiye aliyeona. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, ukuta umelowa, na chini ya ile chokaa nyeupe ilianza kuonekana rangi nyekundu. Ilikuwa X kubwa, urefu wa mtu.

Wale ambao hamjui maana yake, tuwaeleze. Kigali kuna sehemu zinazoitwa amanegeka, yaani sehemu za hatari: miteremko mikali inayoweza kuporomoka, na mabonde ambayo maji yanafurika. Mji umekuwa ukiwaondoa watu sehemu hizo kwa miaka mingi. Mwisho wa 2019 walitolewa wengi kwenye mabonde. Mei 2023, mvua ilipoua watu zaidi ya 130 usiku mmoja katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini, kazi ya kuwatoa watu kwenye miteremko ikakazwa na hapa mjini. Nyumba inayotakiwa kubomolewa inaweza kupigwa alama nyekundu. Jirani alitoka, akatuangalia tukitazama ukuta, akatikisa kichwa tu. Simu ya komisioneri ikawa haipatikani. Mwenye nyumba akasema pesa yetu ameshalipia deni, na kwamba alama ile ni ya zamani, haina neno.

Tuliamua kuiacha. Sisi ambao wengine wetu tumebomolewa nyumba na vita, hatukutaka kulala ndani ya nyumba tukisubiri siku ya kubomolewa na tingatinga au na mlima. Ilikuwa akiba ya karibu miezi mitatu. Mama hatukumwambia, na akisomewa barua hii atajua leo.

Tangu siku ile tuna desturi: nyumba tunaiona baada ya mvua, siyo kwenye jua. Tunapita nyuma ya nyumba, tunaangalia maji yanapita wapi. Tunamtafuta mkuu wa mudugudu kabla ya kutoa hata faranga moja, kwa sababu yeye anajua kila nyumba yenye matatizo, na kwa vyovyote utahitaji kumwona ili akuandike kama mpangaji mpya. Na tunauliza kuhusu mpango wa mji, hata kama nyumba haiko kwenye mteremko. Pale karibu na Nyarutarama kulikuwa na mtaa wa watu wa hali ya chini, Kangondo na Kibiraro, watu waliuita Bannyahe. Kesi na mabishano yalichukua miaka, na 2022 nyumba zikabomolewa, watu wakapelekwa kwenye majumba ya Busanza, upande wa Kicukiro. Wenye nyumba walipewa nyumba. Mpangaji anakunja godoro lake.

Nyamirambo, sasa.

Toka mjini unashuka kidogo, unapita Biryogo, halafu barabara inaendelea mpaka Nyamirambo yenyewe, na mbele yako Mlima Kigali umesimama kama ukuta. Siku ya kwanza tulimleta Mama na teksi, kwa sababu ya goti. Tulisimama Biryogo, kwenye ile njia ambayo magari yalikatazwa mwaka 2021, wakaipaka rangi, wakaweka meza na watu wanakaa nje wakinywa chai. Kijana akaja kuuliza tunataka nini. Aliuliza kwa Kinyarwanda. Mama akajibu kwa Kiswahili, bila kufikiri, "Chai ya maziwa, mwanangu, bila sukari." Kijana akasema, "Ndiyo, Mama, na chapati?" Mama akatugeukia kama mtu aliyeona pesa chini.

Baadaye mzee mmoja wa pale, aliyekaa meza ya pili, alituhadithia kwa nini mtaa ule unasema Kiswahili. Wafanya biashara Waislamu walikuja toka pwani, toka Tanganyika, toka Kongo, wakati wa Wajerumani. Msikiti wa kwanza wa nchi, Al-Fatah, ni wa 1913 na uko hapo hapo. Walipokuja Wabelgiji, waliwatenga watu wale sehemu yao, wakapaita Kambi ya Waswahili. Kutoka na kwenda kukaa kwingine kulihitaji ruhusa. Mama alikuwa anasikiliza kwa makini. Akamuuliza: "Ruhusa ya karatasi?" Mzee akasema ndiyo, ya karatasi. Mama akacheka mpaka akashika goti. "Basi hawa ni wenzetu," akasema.

Tulidhani kazi imekwisha. Kumbe ndipo ilipoanza, kwa sababu Nyamirambo ni kilima.

Nyumba za kando ya lami, pale Biryogo na kuelekea kwenye uwanja wa mpira, ule wanaouita Pelé tangu 2023, bei yake ilitushinda. Nyumba za bei yetu ziko chini, kwenye vijia vya ngazi. Wenyeji wanapanda na kushuka na ndoo kichwani kama hakuna kitu. Mkuu wa mudugudu alituonyesha nyumba moja nzuri kweli, vyumba viwili na sebule, maji ya bomba ndani ya ua, 50,000. Toka lami mpaka mlangoni tulihesabu ngazi 94. Mama alishuka nazo akipumzika mara tatu. Kupanda, mtoto mkubwa alimbeba mgongoni.

Hapo ndipo shida yetu ilipoonekana yote. Kabuga miguu yake ilikuwa huru na mdomo umefungwa. Hapa mdomo ungekuwa huru na miguu imefungwa. Katika nyumba ile ya chini angekaa ndani kama yuko Kabuga, akisikia Kiswahili kinapita huko juu barabarani.

Tulizunguka wiki mbili. Tulitazama Agatare, jirani na Biryogo, ambako njia zilitengenezwa kwa mradi wa Benki ya Dunia, mifereji ikajengwa na taa zikawekwa, na hata kiti cha magurudumu kingepita sehemu nyingine. Lakini kodi nazo zilipanda pamoja na njia. Tulitazama Mumena, tukatazama Rwezamenyo. Mwisho tukapata nyumba hatua kama thelathini toka lami, ngazi nne tu, mlango unaangalia kijia ambacho watu wanapita siku nzima. Chumba kimoja na sebule. Faranga 65,000.

Chumba kimoja. Watu saba.

Tuligombana siku mbili, tuseme ukweli. Mmoja wetu alisema watoto ndio wenye maisha mbele; msichana wetu mkubwa yuko sekondari, anahitaji meza na taa na mlango wa kufunga; nyumba ya ngazi 94 ina vyumba viwili na ni nafuu kwa 15,000, na hiyo ni pesa ya shule. Mwingine alisema tulihama Mahama kwa ajili ya nani? Wote wawili tulikuwa na haki. Mama alisikia, maana katika nyumba za kukodi hakuna siri. Akatuita, akasema tuchukue ile ya chini, yeye ameshaona dunia, atakaa ndani. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, akichambua sombe.

Tukachukua ya juu.

Hatujui mpaka leo kama tuliwatendea vizuri watoto. Usiku sebule inakuwa chumba cha wavulana, na mkubwa anasomea kwa jirani, mjane mmoja toka Bujumbura ambaye ana meza na hana watoto nyumbani. Wakati wa mitihani anakaa huko mpaka saa tano. Anasema hajali. Sisi tunajua anajali.

Kuna mambo ambayo hakuna aliyetuambia, mjiandae nayo. Juu ya kodi kuna pesa ya irondo, yaani ulinzi wa usiku, na pesa ya takataka, kila mwezi. Umeme ni wa kashipawa, unanunua kwenye simu. Uliza kabla kama mita ni yako peke yako au mnagawana na wapangaji wengine, kwa sababu kwetu tunagawana nyumba tatu, na yule mwenye friji hakubali kwamba friji inakula. Maji yanakatika siku nyingine, kwa hiyo uwe na bidoni za akiba zisizopungua nne. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda. Toka na jembe, usijifiche. Hapo ndipo fundi wetu alipojulikana na watu wa isibo yetu, na wateja wake watatu wa kwanza wa mtaani aliwapata akiwa anafukua mfereji. Mtoto mwandikishe shule mapema, na barua ya uhamisho toka shule ya kambini uwe nayo mkononi, siyo "inakuja".

Wenye familia ya vijana watupu wasifuate njia yetu. Kama miguu ni mizima na Kinyarwanda mnakijua, ile nyumba ya ngazi 94 ni bora kuliko yetu. Kama kazi yenu ni soko, tazameni Kimironko, kule Gasabo, soko lake ni kubwa na stendi iko karibu. Warundi wengi waliokuja 2015 wanakaa hapa Nyamirambo, na wengine Kimisagara, Gikondo na Kanombe, na Kanombe kuna sehemu za tambarare ambazo mzee anaweza kutembea. Sisi tulimwangalia yule ambaye anakaa nyumbani masaa mengi kuliko wote, tukapanga mambo mengine kwa kumzunguka. Kwenu huyo anaweza kuwa mtoto mchanga, au mgonjwa mwingine.

Mama sasa ana kiti chake mlangoni. Asubuhi anapita mama mmoja na beseni la ndagaa, na wanashindana bei kama watu wanaodaiana, kila siku, hata siku ambazo Mama hana pesa wala nia ya kununua. Wiki iliyopita tulirudi jioni tukakuta kiti kitupu. Tukaogopa sana. Tulimtafuta mpaka kwa mjane, mpaka msikitini, mpaka kwa muuza maziwa. Tulimkuta Biryogo, amekaa kwenye meza za chai na bibi wawili, mmoja wa Kigoma na mmoja amezaliwa pale pale mtaani. Alikuwa ametembea mwenyewe na fimbo, na alipotuona alikasirika kidogo, akasema chai haijaisha.

Mkataba wetu unakwisha Desemba. Tunatafuta vyumba viwili kwenye kijia hicho hicho au kingine kisicho na ngazi nyingi, na bei isizidi 80,000. Anayesikia nyumba, au ana ndugu anayehama sehemu za Biryogo na Rwezamenyo, aache habari kwa wanaotayarisha barua hii, nasi tutakuja kuichukua siku ya karatasi.